Kufundisha Aina za Plastiki na Urejelezaji Wake: Mwongozo Kamili kwa Mwalimu wa Darasani

Kosa ni lile lile kila muhula. Mwanafunzi anataja namba 1 hadi 7 za aina za plastiki bila kukwama, anaandika vifupisho vyake kama PET, HDPE na PVC katika mtihani na kupata alama zote, kisha akiwekewa mbele yake kiroba cha taka zilizookotwa mitaa ya Ngamiani anachanganya kikombe cha mtindi na chupa za maji kwa sababu vyote vimegongwa ile pembetatu yenye namba. Walimu kadhaa wa hapa Tanga wameniuliza ni wapi wanapokosea, na nimewajibu mmoja mmoja hadi nikaona ni heri niandike yote mahali pamoja.

Jibu langu ni kwamba tunafundisha jedwali la namba hizo mahali pa kufundisha plastiki. Jedwali linamwambia mtoto kuwa kila aina ama inarejelezeka au hairejelezeki, kana kwamba jambo hilo limo ndani ya chupa yenyewe. Ukweli ni kwamba plastiki hurejelezwa pale tu inapotambuliwa, ikatengwa na nyingine, ikawa safi, na ikapata mtu wa kuinunua mahali ilipo. Kwa hiyo mwongozo huu unamfundisha mwanafunzi kutambua kwa mikono, kuthibitisha kwa maji, na kwenda kuuliza kwenye mizani ya mnunuzi wa plastiki kabla ya kuandika neno "inarejelezeka".

Utahitaji vipindi viwili vilivyofuatana kwa ajili ya majaribio, kipindi kimoja cha ziara, na kimoja cha upimaji.

## Vifaa vya kuandaa kabla ya somo

Kwa darasa la wanafunzi 40 waliogawanywa katika makundi manane, andaa vifuatavyo:

- Chupa za maji ya kunywa pamoja na vifuniko vyake, madumu ya mafuta ya kula, vipande vya bomba la maji, plastiki laini inayofungia katoni za maji, mabeseni au viti vilivyovunjika, kiroba cha unga, vijiko au vikombe vya plastiki vinavyovunjika kwa mlio, boksi jeupe la povu la kubebea chakula, na pakiti za biskuti zenye mng'ao wa fedha kwa ndani.
- Vyombo vinane angavu. Chupa kubwa za maji zilizokatwa shingo zinatosha kabisa.
- Chumvi, angalau robo kilo kwa kila lita moja na nusu ya maji, na yai bichi moja.
- Mafuta ya nazi kiasi cha glasi moja, pamoja na glasi yenyewe.
- Sabuni ya maji, vijiti au uma za kuzamishia vipande, na kitambaa cha kukaushia.
- Mkasi kwa kila kundi, kisu na msumeno mdogo kwa mwalimu peke yake.
- Karatasi ya manila, makapeni na glovu.

Usiwaagize wanafunzi walete mifuko ya rambo. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na si vyema somo la mazingira lianze kwa kuwatuma watoto kutafuta kitu kilichokatazwa. Plastiki inayofungia katoni za maji inatosha kuwakilisha kundi hilo.

Waambie pia, kwa maneno yasiyo na utata, kwamba hakuna kuleta chupa za dawa za mifugo au za shambani, mabomba ya sindano, wala chochote kilichookotwa karibu na zahanati. Bomba la sindano ni plastiki nzuri kwa maelezo ya darasani, lakini lina hatari isiyolingana na faida yake.

## Hatua ya 1: Osha, kausha na kata vipande

Osha kila kitu kwa maji ya kawaida na sabuni, kisha suuza mara mbili. Usitumie maji ya moto. Chupa ya maji ya kunywa hulegea na kujikunja ikimwagiwa maji yanayokaribia kuchemka, na mwanafunzi atapoteza alama za kitako ambazo atazihitaji baadaye.

Kusuuza mara mbili kuna sababu. Sabuni iliyobaki juu ya kipande, na mafuta yaliyobaki ndani ya dumu, hubadilisha namna maji yanavyoshikana na plastiki, na majibu ya hatua ya 4 yatakuwa ya kubahatisha.

Kata kila aina katika vipande vya upana wa sentimeta mbili hivi, isipokuwa boksi la povu, ambalo libaki zima kwa sababu litatumika kwa namna yake. Ipe kila aina umbo lake: hii mraba, ile pembetatu, nyingine mstatili, nyingine duara lililokatwa upande. Umbo lisiwe na maana yoyote kwa mwanafunzi. Wewe peke yako ndiye mwenye ufunguo wa maumbo hayo. Nilikuwa nikiandika herufi kwa makapeni, lakini wino ulifutika ndani ya mafuta na kundi zima likabaki na vipande visivyojulikana. Usitoboe matundu, kwa sababu tundu hushika kiputo cha hewa.

Plastiki zilizookotwa ufukweni, Raskazone au kwingineko, ziweke kando. Jua limezichakaza na mara nyingine zimeota viumbe wa baharini ambao huongeza uzito. Zitakufaa kwa mazungumzo, si kwa majaribio.

Dalili ya kufanikiwa: vipande vimekauka, havitelezi mkononi, na kila kundi lina bahasha yenye angalau maumbo sita tofauti.

## Hatua ya 2: Fundisha namba inasema nini na nini haisemi

Hapa ndipo somo linapoharibika, kwa hiyo nenda polepole.

Namba iliyo ndani ya pembetatu inataja aina ya plastiki iliyotumika kutengeneza kitu, basi. Haiahidi kwamba kitu hicho kitarejelezwa, wala haisemi kwamba kimetengenezwa kwa plastiki iliyorejelezwa. Mishale inayozunguka imewapotosha watu wengi kiasi kwamba mwaka 2013 kiwango kinachosimamia namba hizo kiliibadilisha kuwa pembetatu ya mistari mitupu. Hata hivyo, bidhaa nyingi bado zina mishale, na utaziona zote mbili darasani.

Sasa zipitie namba, ukiwa umeshika kitu chenyewe mkononi kila mara. Usiandike jedwali ubaoni bado.

Namba 1, PET. Ni chupa za maji na soda. Ni angavu, nyepesi, na ukiigeuza utaona nukta katikati ya kitako, mahali plastiki ilipoingilia kwenye umbo. Ikirejelezwa huweza kuwa nyuzi za kitambaa, mikanda ya kufungia mizigo, au chupa tena. Chupa isiyo na rangi kwa kawaida hupendwa zaidi na wanunuzi, kwa sababu plastiki isiyo na rangi inaweza kutiwa rangi yoyote, wakati ya kijani haiwezi kurudishwa kuwa nyeupe.

Namba 2, HDPE. Madumu ya mafuta, chupa za sabuni, kreti za soda na vifuniko vingi vya chupa. Haina uangavu, ina utelezi kama wa nta, na kitako cha dumu kina mstari wa kiungo badala ya nukta. Hii ni miongoni mwa plastiki zinazorejelezwa kwa urahisi, na huweza kuwa ndoo, mabomba au madumu ya matumizi yasiyo ya chakula.

Namba 3, PVC. Mabomba ya maji, mapaipu ya kupitishia nyaya ukutani, ngozi ya nyaya zenyewe, na kapeti za plastiki. Ina klorini ndani yake. Inaweza kurejelezwa kiwandani ikiwa peke yake, lakini ikichanganyika na nyingine ni balaa, na nitaeleza sababu.

Namba 4, LDPE. Plastiki laini ya kufungia. Ukiifinya haipigi kelele nyingi, tofauti na karatasi nyembamba ya HDPE ambayo huchakarika.

Namba 5, PP. Mabeseni, viti, vikombe vingi vya mtindi, vifuniko vyenye bawaba vinavyofunguliwa mara elfu bila kukatika, na viroba vya unga. Hapa kuna jambo litakalowashangaza wanafunzi na pengine wewe pia: mifuko mbadala inayofanana na kitambaa, ile tunayobebea nyanya kutoka soko la Mgandini, mingi imetengenezwa kwa PP. Si kitambaa cha pamba. Waache waivute nyuzi zake na waone. Mtoto akishatambua kwamba plastiki inaweza kujifanya kitambaa, hataamini tena macho peke yake, na hilo ndilo tunalolitaka.

Namba 6, PS. Vijiko vinavyovunjika kwa mlio mkali, na boksi la povu la chipsi. Kijiko na boksi ni plastiki ile ile. Boksi limejazwa hewa.

Namba 7. Kila kilichobaki: nailoni ya nyavu, plastiki ngumu za aina nyingine, na pakiti za biskuti zilizounganishwa tabaka kwa tabaka. Usiwafundishe kwamba namba 7 ni aina moja. Ni kapu la mchanganyiko, na ndiyo sababu ni vigumu kulifanyia kazi.

Ongeza kitu kimoja kisichokuwa na namba kabisa: mshiko mweusi wa kikaango au sahani ya melamini. Plastiki hizi zikishaganda haziyeyuki tena. Saba za kwanza, kwa sehemu kubwa, ni kama mafuta ya mgando ambayo huyeyuka na kuganda upya. Hizi ni kama yai, ambalo likishaiva haliwezi kurudi kuwa bichi. Mwanafunzi akielewa mfano wa yai ameelewa kwa nini kuna plastiki ambazo hakuna mashine ya kuyeyusha itakayoziokoa.

## Hatua ya 3: Mikono na masikio kabla ya macho

Wape wanafunzi dakika kumi wapange vipande bila kutafuta namba. Wakunje, wakwaruze kwa ukucha, wasikilize.

HDPE hukwaruzika kwa ukucha na kuacha alama. PP hushindana na ukucha zaidi. PS hukataa kukunjwa: huwa nyeupe kwenye mkunjo kisha huvunjika. Pakiti ya biskuti ikifinywa hufunguka yenyewe. Nyaraka nyingi za kufundishia huruka hatua hii zikidhani ni mchezo, lakini mchambuaji taka mzoefu hufanya kazi yake kwa vidole, si kwa kusoma namba kwenye kitako cha kila chupa, kwa sababu kipande kilichovunjika mara nyingi hakina namba.

Tahadhari: kipande cha PS kilichovunjika kina ncha kali. Wakunje kwa kuelekeza chini, mbali na uso.

Dalili ya kufanikiwa: kundi lina mafungu yake na linabishana juu ya mawili au matatu. Mabishano ni mema; usiyamalize wewe. Maji yatayamaliza.

## Hatua ya 4: Jaribio la maji ya bomba

Eleza densiti kwa sentensi moja, yaani uzito wa kitu ukilinganishwa na ujazo wake, kisha andika ubaoni namba hizi za gramu kwa kila sentimeta ya ujazo: maji 1.00, PP takriban 0.90, LDPE 0.92, HDPE 0.95, PS 1.05, PET 1.38, na PVC ya bomba takriban 1.4. Waulize watabiri kabla ya kutumbukiza, na kila kundi liandike utabiri wake. Kundi lisiloandika utabiri lisipewe maji.

Kwenye pwani hii hutakosa mwanafunzi anayejua jibu bila kujua kwamba analijua. Uliza ni nani ambaye baba yake au mjomba wake ni mvuvi, na kama amewahi kuona kamba moja ikielea na nyingine ikizama. Kamba inayoelea kwa kawaida ni ya PP. Ya nailoni huzama. Mpe mtoto huyo nafasi ya kueleza mbele ya darasa. Elimu iliyotoka kwenye ngalawa ikaingia darasani hukaa zaidi kuliko ninayoiandika mimi ubaoni.

Utaratibu ni huu:

1. Jaza chombo robo tatu kwa maji ya bomba na udondoshee tone moja la sabuni. Sabuni hupunguza ngozi ya maji inayoweza kukibeba kipande chepesi hata kama kilistahili kuzama. Usizidishe tone hilo.
2. Tumbukiza kipande kimoja, kizamishe kabisa kwa kijiti, kisugue ili viputo vitoke, kisha kiachie.
3. Hesabu hadi kumi ndipo uandike jibu.
4. Rudia kwa kipande cha pili cha umbo lile lile. Majibu yakipishana, mara nyingi ni kiputo, rudia.

Hatua ya kuzamisha ndiyo inayoshindwa na wengi. Nimeona darasa zima likiandika kwamba PET inaelea, na mwalimu akalazimika kuamini kitabu dhidi ya macho ya wanafunzi wake. Kipande kilikuwa kimelala juu ya maji kikiwa kikavu, hakijaloa upande wa juu. Ukikizamisha kwa kijiti, hakirudi.

Maumbo yanayoelea ni PP, LDPE na HDPE. Yanayozama ni PS ngumu, PET na PVC. Boksi la povu litaelea kwa sababu ya hewa, na hilo ni swali zuri la kuwaachia: kama kijiko na boksi ni plastiki moja, kwa nini kimoja kimezama?

Kisha chukua chupa nzima ya maji iliyofungwa kifuniko na uiweke majini. Inaelea. Ifungue, ijaze maji, na uiachie. Inazama, lakini kifuniko chake kinabaki juu. Viwandani hutumia tabia hii hii: chupa husagwa pamoja na vifuniko, huingizwa kwenye tangi la maji, PET ikazama na vifuniko vikaelea. Waulize wanafunzi basi, takataka wanazoziona ufukweni ni za aina gani, na zile wasizoziona ziko wapi. Sehemu ya bahari ya Tanga ni hifadhi ya silikanti tangu mwaka 2009, na samaki huyo huishi kwenye vina virefu. Mtoto anayejua kwamba chupa iliyopoteza kifuniko huishia sakafuni mwa bahari ataelewa uhusiano wa chupa hiyo na samaki huyo bila kuhubiriwa.

Usishangae: baadhi ya viti na mabeseni huchanganywa na unga wa chokaa kiwandani ili kupunguza gharama, na PP ya namna hiyo inaweza kuzama. Ukikutana nayo, usiifiche. Waambie ukweli kwamba jaribio linapima kipande kizima pamoja na kilichotiwa ndani yake.

Dalili ya kufanikiwa: angalau makundi sita kati ya manane yana orodha moja ya vinavyoelea, na kundi lililotofautiana linaweza kusema limekosea wapi.

## Hatua ya 5: Maji ya chumvi kwa yaliyozama

Sasa tuna PS, PET na PVC chini ya maji. Chumvi itaipandisha PS peke yake.

Usijaribu kutumia maji ya bahari, ingawa yako karibu na ni ya bure. Densiti yake ni takriban 1.025, na PS ina 1.05, kwa hiyo haitapanda. Koroga gramu 250 za chumvi katika lita moja na nusu ya maji ya bomba hadi iyeyuke, kisha utumbukize yai bichi. Yai jipya likielea, chumvi inatosha. Likizama, ongeza. Nasisitiza yai kuliko mizani kwa sababu chumvi ya mawe huwa na unyevu, na robo kilo ya leo si robo kilo ya kesho.

Tumbukiza vipande kwa utaratibu ule ule wa kuzamisha na kusugua. PS itapanda, PET na PVC zitabaki.

Kuzitenga PET na PVC kwa maji hakuwezekani darasani, kwani densiti zao zimekaribiana mno. Rudi kwenye mikono: bomba ni nene na halipitishi mwanga, chupa ni nyembamba na angavu na ina nukta kitakoni. Hapa ndipo pa kueleza balaa niliyoitaja. PET huyeyuka kwenye joto la karibu nyuzi 250 za Selsiasi, lakini PVC huanza kuharibika kabla ya kufika huko na kutoa gesi ya asidi, ambayo huichafua PET na kuibadilisha rangi. Vipande vichache vya PVC vinaweza kuharibu fungu kubwa la PET safi.

## Hatua ya 6: Mafuta ya nazi kwa yaliyoelea

Hatua hii ni ya hiari, lakini wanafunzi huipenda kuliko zote, na viambato vyake tunavyo nyumbani.

Mafuta ya nazi yana densiti ya takriban 0.92. Mimina ndani ya glasi, kausha vipande vya HDPE na PP kabisa, kisha vitumbukize. HDPE huzama na PP huelea. Vipande husogea polepole ndani ya mafuta, kwa hiyo subiri dakika moja nzima kabla ya kuandika. LDPE usiiingize kwenye jaribio hili, kwa sababu densiti yake inalingana mno na ya mafuta na itasimama katikati bila kuamua.

Wakati wa kusi, hasa asubuhi za Julai, mafuta ya nazi yanaweza kuganda. Yaweke juani kabla ya kipindi na uhakikishe yamekuwa angavu kabisa.

Kwa nini kuzitenga HDPE na PP kama zote zinaelea na zote zinayeyuka? Kwa sababu zikiyeyushwa pamoja hazishikani vizuri, na ndoo itakayotoka hupasuka kirahisi. PET nayo ikiingia kwenye mashine ya mojawapo, ambayo hufanya kazi kwenye joto la karibu nyuzi 200, haiyeyuki, bali hubaki vipande vigumu ndani ya bidhaa.

## Jaribio ambalo hutalifanya

Utakuta mahali pengi panapoelekezwa kuchoma kipande na kutazama rangi ya mwali au kunusa moshi. Usilifanye na wanafunzi, na usilifanye mbele yao. PVC ikiungua hutoa gesi ya haidrojeni kloraidi inayochoma macho na mapafu, na inaweza kutoa sumu nyingine za hatari zaidi. PS hutoa moshi mweusi. Kuna vijana mitaani wanaochoma nyaya ili wapate shaba, na mwanafunzi wako anaweza kuwa jirani yao. Akiona mwalimu anachoma plastiki, ataamini kwamba moshi ule ni wa kawaida.

## Hatua ya 7: Nendeni kwenye mizani

Sasa, na sasa tu, chora jedwali kwenye manila: aina, mfano, jaribio lililoithibitisha, kama inayeyuka upya, na safu ya mwisho yenye kichwa "Inanunuliwa hapa?" Safu hiyo iache wazi.

Tafuta mnunuzi wa plastiki na vyuma chakavu aliye karibu na shule. Nenda wewe kwanza, peke yako, umsalimie na kumwomba ruhusa, kwa maana yule ni mtu aliye kazini na wanafunzi 40 ni mzigo. Chagua wanafunzi wanane, mmoja kwa kila kundi, na uwafundishe kuanza na shikamoo na kujitambulisha kabla ya swali lolote. Wengi wa wanaookota chupa hudharauliwa mitaani. Siku hii wanafunzi waje kama watu waliokuja kujifunza kwa fundi.

Maswali yao yawe haya:

- Unanunua plastiki za aina gani, na wewe unaziita kwa majina gani?
- Kilo moja ni bei gani, na je, bei inabadilika?
- Ni zipi unazikataa, na kwa nini?
- Vifuniko na lebo vitolewe, au vibaki?
- Mzigo unakwenda wapi baada ya hapa?

Swali la majina lina uzito. Mnunuzi huenda asitamke "HDPE", lakini atakuwa na neno lake kwa madumu na jingine kwa plastiki ngumu, na mwanafunzi anapaswa kuweza kuunganisha maneno hayo na namba.

Swali la mwisho hufungua mlango wa jambo zito. Ikiwa mzigo unasafirishwa hadi Dar es Salaam, takriban kilomita 350 kwa barabara, mwanafunzi anaweza kuona mwenyewe kwa nini boksi la povu hukataliwa ingawa PS inayeyuka vizuri: lori litajaa hewa. Ataona pia kwa nini chupa hukanyagwa zikawa bapa, na kwa nini dumu lenye mafuta ndani hushushwa bei.

Tahadhari: wanafunzi wasiingie kwenye rundo wala kushika kitu bila ruhusa, wavae viatu vya kufunika mguu, na usipige picha kabla ya kuuliza.

Dalili ya kufanikiwa: safu ya mwisho imejazwa kwa maneno ya mnunuzi, pamoja na tarehe ya siku hiyo.

## Hatua ya 8: Pima kwa kiroba, si kwa karatasi

Andaa kiroba kimoja chenye vitu 20 na uingize mitego: chupa ya maji iliyofungwa kifuniko na lebo yake, mfuko mbadala, mshiko wa kikaango, pakiti ya biskuti, kipande cha PVC kilichofichwa kati ya chupa, na dumu lililobaki na mafuta ndani.

Kila kundi litenge vitu hivyo na kueleza uamuzi wake kwa sentensi kamili. Sentensi ninayoitafuta inafanana na hii: "Hiki ni PS, kwa sababu kilizama kwenye maji ya bomba na kupanda kwenye chumvi; kinayeyuka upya, lakini mnunuzi tuliyemtembelea hakipokei." Mwanafunzi anayesema tu "namba 6, hairejelezeki" amerudi kwenye jedwali, naye arudishwe kwenye maji.

Chupa yenye kifuniko ihesabiwe kuwa plastiki mbili. Kama kundi limeitupa nzima katika fungu moja, waulize ni kitu gani kilibaki juu ya maji siku ile ya jaribio, na uwape nafasi ya kusahihisha wenyewe. Dumu lenye mafuta lihesabiwe kuwa HDPE, sahihi katika fungu lake lakini lisilo tayari kwa mizani, na kundi liseme ni nini kifanyike kwanza.

Mkimaliza, vipande vilivyobaki vikaushwe na kuhifadhiwa katika bahasha zenye maumbo yale yale, kwa kuwa vitatumika tena mwaka ujao bila kukusanya upya. Plastiki zinazonunuliwa zipelekwe kwa mnunuzi yule yule, zikiwa safi na zimetengwa. Manila ibaki ukutani, na kila muhula wanafunzi wawili watumwe kuuliza upya bei na aina zinazopokelewa, waandike jibu jipya kwenye safu ya mwisho na tarehe mpya kando yake, bila kufuta ile ya zamani.